Kukuza seli shina juu ya grafini na kuzichochea kwa umeme: mwongozo wa anayeanza

Maswali yanayokuja kutoka kwa wanaoanza kazi hii ni yaleyale. Niweke volti ngapi? Mbona seli zimekufa siku ya tatu? Utando wa grafini umebanduka, nifanyeje? Na lile ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wameshamaliza jaribio: nitajuaje kama seli zimegeuka kuwa za mfupa kwa sababu ya grafini, kwa sababu ya umeme, au kwa sababu ya dawa nilizotia kwenye chakula chao?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mengine yote yana dawa, lakini hilo lisipojibiwa kabla hujawasha mashine, wiki tatu za kazi zitakuachia picha nzuri zisizothibitisha chochote. Kwa hiyo, usomapo hatua zilizo hapa chini, utaona narudi mara kwa mara kwenye makundi ya kulinganishia na kwenye kupima umeme wenyewe. Nafanya hivyo makusudi.

Nimechagua mfano mmoja: seli shina za mesenkaima za binadamu (seli changa, kwa mfano za uboho, zinazoweza kugeuka kuwa za mfupa, gegedu au mafuta) zinazoelekezwa kuwa seli za mfupa. Ndio mfano mwepesi kuanza nao, kwa kuwa matokeo yake yanaonekana hata kwa macho: chumvi ya kalisi inayopakwa rangi nyekundu. Ukitaka seli za neva, mpangilio wa umeme unabaki huu huu, lakini chakula cha seli na vipimo vinabadilika.

Nadharia kidogo tu

Grafini ni tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja. Inapitisha umeme, ni imara, na seli nyingi hujishika juu yake vizuri. Mwaka 2011 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba seli shina za mesenkaima zilizokuzwa juu ya grafini hugeuka kuwa seli za mfupa haraka zaidi kuliko zile za juu ya kioo. Mwaka huohuo kazi nyingine ilieleza sababu mojawapo: grafini huvuta na kukusanya juu yake molekuli za kuchochea mfupa zilizomo kwenye chakula cha seli, hasa deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi). Shika jambo hilo, tutalihitaji.

Upande wa umeme, mfupa wenyewe hutoa umeme unapobanwa. Fukada na Yasuda walilionyesha hilo Japani mwaka 1957. Kidonda cha ngozi nacho huwa na uga wa umeme wa makumi hadi mamia ya milivolti kwa kila milimita. Seli hazishangai umeme mdogo. Umeme mkubwa ndio unaoziua, na mara nyingi kinachoua ni sumu zinazozalishwa kwenye elektrodi.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- Seli shina za mesenkaima za kizazi cha 3 hadi cha 5 (hesabu ya mara zilizohamishiwa chombo kipya), zilizopimwa na kuonekana hazina maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli bila kuonekana. Ziwe na alama CD73, CD90 na CD105 (protini za juu ya seli zinazotambulisha aina yake), zisiwe na CD34 wala CD45.
- Oksaidi ya grafini (GO) iliyotawanywa kwenye maji, miligramu 1 kwa mililita. Nunua iliyokwisha kuwa kwenye maji. Unga mkavu hurushwa na hewa na haufai kuvutwa mapafuni.
- Slaidi za kioo za milimita 25 kwa 75, silani yenye amini (APTES), ethanoli, vitamini C safi ya maabara.
- Silikoni ya kutengenezea visima vidogo, gundi ya fedha au utepe wa shaba, nyaya nyembamba.
- Jenereta ya mawimbi, maltimita, osiloskopu, na vikinzani vya omu 1,000.
- Chakula cha kawaida cha seli: DMEM (kimiminika cha virutubisho kinachouzwa tayari) yenye glukosi kidogo, seramu asilimia 10, antibiotiki.
- Chakula cha mfupa: hicho hicho, ukiongeza deksamethasoni nanomola 100, beta-gliserofosfeti milimola 10, na asidi askobiki ya fosfeti (aina ya vitamini C) mikromola 50.
- Kabati la hewa safi, na inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dioksaidi asilimia 5.
- Kibali cha maadili cha taasisi yako kwa seli za binadamu.

Osiloskopu si pambo. Maltimita haioni mapigo mafupi, itakupa wastani usio na maana. Kama huna, azima kabla hujayeyusha seli zako zilizogandishwa.

Na jambo moja nalisema kwa uzito wote: kazi hii ni ya maabara. Seli zilizokuzwa hivi hazichomwi kwa mgonjwa, hata akikuomba. Kuna watu wanaouza matumaini ya seli shina kwa wagonjwa waliokata tamaa, usiwape kisingizio.

Panga makundi kwanza

Una vitu vitatu vinavyoweza kusukuma seli: grafini, umeme, na dawa za mfupa (vile viungo vitatu vya chakula cha mfupa). Kila kimoja kinaweza kuwepo au kutokuwepo. Hivyo makundi kamili ni manane. Wengi hufanya mawili tu, kioo kitupu dhidi ya grafini yenye umeme na dawa, kisha hudai umeme umefanya kazi. Hawajui kama umefanya.

Kama vifaa havitoshi kwa yote manane, usiache haya manne, yote yakiwa na dawa za mfupa: kioo bila umeme, kioo chenye umeme, grafini bila umeme, grafini yenye umeme. Kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, kundi la pili litahitaji elektrodi mbili za platinamu ndani ya chakula cha seli, na hilo si sawa kabisa na mkondo unaopita kwenye utando. Liandike wazi kwenye matokeo yako. Visima visivyo na umeme navyo viwe na nyaya zilezile, vitolewe kwenye inkubeta muda uleule, ila nyaya zisiunganishwe kwenye jenereta.

Ongeza pia tando chache zisizo na seli hata moja. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 10.

Hatua

1. Safisha kioo na ukipe chaji. Osha slaidi kwa sabuni ya maabara, maji safi, kisha ethanoli. GO ina chaji hasi, na kioo pia. Vinasukumana, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya tando kubanduka. Loweka slaidi kwenye APTES asilimia 2 ndani ya ethanoli kwa nusu saa chini ya kabati la kutolea moshi, suuza vizuri, kausha kwenye nyuzi 110 kwa saa moja. Sasa kioo kina chaji chanya na kitaishika GO.

2. Mwaga utando. Tia chupa ya GO kwenye beseni la mawimbi ya sauti dakika 15, maji yakiwa na barafu. Usizidishe muda, vipande vitakatikakatika na ukinzani utapanda. Weka alama ya mstatili wa milimita 40 kwa 15 katikati ya slaidi, kisha mimina mikrolita 300 na kuzisambaza taratibu kwa ncha ya pipeti. Acha ikauke usiku kucha mahali palipo sawasawa kabisa, ukiifunika ili hewa isipite kwa kasi. Ikikauka haraka, GO yote hukimbilia pembeni na kuacha duara jeusi lenye katikati nyembamba. Utando mzuri una rangi ya kahawia isiyo na madoa. Kisha upashe joto kwenye nyuzi 80 kwa saa mbili ili ushike.

Usitumie maji yenye chumvi popote kwenye hatua hii. Chumvi huifanya GO igande mabonge mbele ya macho yako.

3. Ondoa oksijeni. GO haipitishi umeme wa kutosha. Lazima uipunguze oksijeni ili iwe rGO, yaani GO iliyopunguzwa oksijeni, ambayo kwenye mwongozo huu naiita grafini tu. Tengeneza mmumunyo wa vitamini C wa mola 0.1, upashe hadi nyuzi 90, zamisha slaidi polepole ukiwa umeilaza, acha saa mbili hadi tatu. Kahawia itageuka nyeusi yenye mng'ao wa kijivu. Haidrazini hufanya kazi hiyo pia, lakini ni sumu kali na mabaki yake hayatakiwi karibu na seli. Sioni sababu ya anayeanza kuigusa.

Halafu suuza, na usiwe na haraka. Vitamini C ni mojawapo ya dawa za mfupa! Ikibaki kwenye utando, kundi lako la "grafini bila dawa" litakuwa na dawa. Loweka slaidi kwenye maji safi siku mbili, ukibadilisha maji asubuhi na jioni.

4. Pima ukinzani. Utando ukiwa mkavu, gusa ncha mbili kwa maltimita. Kwa utando wa vipimo hivi, mimi hukubali chochote chini ya kilo-omu 50, ila tando za jaribio moja ziwe karibukaribu. Ukiwa na moja ya kilo-omu 8 na nyingine ya 45, hazipokei umeme sawa, ziweke kwenye majaribio tofauti. Andika namba ya kila slaidi kwa kalamu ya almasi nyuma yake. Kama kuna mashine ya Raman karibu (hutambua kitu kwa mwanga wa leza unaotawanyika), angalia vilele viwili vya karibu 1350 na 1580 kwa sentimita. Vinathibitisha kuwa ulicho nacho ni kaboni ya jamii hii, na ukilinganisha kabla na baada ya kuondoa oksijeni utaona uwiano wake ukibadilika.

5. Unganisha nyaya, jenga kisima. Bandika kisima cha silikoni chenye nafasi ya ndani ya milimita 20 kwa 10 katikati ya utando. Hapo utabaki na milimita 10 za utando kila upande, nje ya kisima. Nyaya ziunganishwe huko nje kwa gundi ya fedha, kisha zifunikwe kwa silikoni. Ioni za fedha na za shaba huua seli, kwa hiyo muungano wowote wa metali hizo ukigusana na chakula cha seli, jaribio limekwisha. Jaza maji na uyaache saa 24 juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, bandua uanze upya.

6. Pima tena, safari hii ikiwa na maji ya chumvi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mimi naiona ndiyo moyo wa kazi nzima.

Unganisha kikinzani cha omu 1,000 mfululizo na utando. Weka volti 0.8 kati ya ncha mbili. Kwa urefu wa milimita 40, hiyo ni takriban milivolti 20 kwa kila milimita, na sehemu iliyo ndani ya kisima hupata tofauti ya takriban volti 0.4. Utando wa kilo-omu 20 utapitisha karibu mikroampea 38, nawe utasoma karibu milivolti 38 kwenye kikinzani. Sasa jaza kisima bafa ya PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti), mililita 0.6, na usome tena kwa osiloskopu.

Mkondo umepanda? Utapanda, swali ni kwa kiasi gani. Chakula cha seli ni maji ya chumvi, na kisima kilichojaa kina ukinzani wa omu mia kadhaa tu toka mwanzo hadi mwisho, mdogo kuliko wa utando. Kinachoizuia chumvi isibebe mkondo wote ni mpaka kati ya utando na maji. Kila pigo linapoanza, sehemu ya mkondo hukatiza mpaka huo, huzunguka kwa njia ya maji, kisha hurudi. Utaiona kwenye osiloskopu kama mwiba mkali unaoshuka taratibu. Mwiba huo ni halali mradi ushuke. Usiposhuka, mkondo ukabaki juu, maana yake kemikali zinabadilika kwenye mpaka, na unatengeneza sumu.

Piga picha ya kila kisima kwenye osiloskopu. Ndiyo ushahidi wako wa umeme ambao seli zimepata. Namba iliyo kwenye kioo cha jenereta haisemi hivyo.

7. Takasa. Ethanoli asilimia 70 dakika 30, PBS mara tatu, kisha mwanga wa urujuanimno dakika 30. Usitie kwenye mvuke wa nyuzi 121: silikoni huachia na utando hubadilika. Makundi yote, hata kioo kitupu, yapite njia ileile.

8. Lowesha, panda seli. Jaza visima chakula cha kawaida chenye seramu, uviache usiku mmoja ndani ya inkubeta. Grafini huvuta protini kwa nguvu. Ni afadhali ishibe kabla ya seli kufika. Kesho yake panda seli 20,000 kwa kisima, sawa na 10,000 kwa sentimita mraba. Visima hivi ni vidogo na hukauka upesi, kwa hiyo viweke ndani ya kisanduku chenye kitambaa kilicholowa maji safi. Usiguse umeme kwa saa 48. Seli ambayo haijajishika vizuri itang'oka.

9. Anza kuchochea. Badilisha chakula kuwa cha mfupa kwa makundi yanayohusika, kisha:

a. Chagua mapigo ya pande mbili, chanya kisha hasi, kila upande milisekunde 10, pigo moja kwa sekunde. Wastani wake uwe sifuri. Mkondo wa upande mmoja husogeza asidi upande mmoja na alkali upande mwingine.

b. Anza na volti 0.4. Siku ya tatu, kama seli ziko salama, panda hadi 0.8. Usivuke hapo kwa jaribio la kwanza. Maji huanza kuvunjika kinadharia kwenye volti 1.23, na chumvi iliyomo hutoa klorini, hutaki kukaribia.

c. Saa moja kwa siku, saa ileile, siku 14.

d. Visima viunganishwe sambamba, kila kimoja na kikinzani chake. Ukiviunganisha mfululizo, waya mmoja ukikatika vyote vimezimika, na kabla ya hapo volti zilikuwa zinagawanyika kwa kufuata ukinzani wa kila utando.

e. Soma mkondo mwanzoni na mwishoni mwa kila saa, uandike. Dakika mbili tu.

Chakula kibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, baada ya umeme, si kabla. Hivyo kama kuna kilichozalishwa, kinaondoka.

10. Pima matokeo. Siku ya 7 na ya 14 pima kimeng'enya cha fosfatesi ya alkali, ambacho hupanda seli zinapoelekea mfupa, ugawanye kwa wingi wa DNA, la sivyo utakuwa unapima idadi ya seli. Pima pia jeni za mfupa: RUNX2 hupanda mapema, osteokalsini huchelewa. Siku ya 21 hifadhi seli kwa formalini ili zibaki zilivyo, na upake Alizarini Nyekundu (rangi inayoshika kalisi) asilimia 2, pH 4.2.

Sasa zile tando zisizo na seli. Grafini hunywa rangi. Alizarini hushika juu ya utando mtupu, na ukiiyeyusha kupima wingi wake utasoma "kalisi" mahali ambapo hakuna seli. Toa thamani ya utando mtupu kwenye kila kipimo. Kipimo cha MTT cha uhai wa seli kiache kabisa: grafini yenyewe huweza kuigeuza rangi hiyo. Tumia rangi za kutofautisha seli hai na mfu, au wingi wa DNA. Unapotoa RNA ya kupimia jeni, zungusha sampuli kwenye sentrifuji uondoe vipande vyeusi, kwa kuwa hunasa asidi nukleiki na kuvuruga PCR, kipimo chenyewe cha jeni.

Visima vitano vya mtoaji mmoja wa seli ni sampuli moja iliyorudiwa mara tano. Tafuta watoaji watatu angalau kabla ya kudai lolote.

Mambo yakienda kombo

*Utando unabanduka siku ya kwanza.* Karibu kila mara ni APTES iliyozeeka au slaidi iliyokuwa na mafuta ya vidole. Ukibanduka siku ya kumi, chunguza pipeti yako: unamwaga chakula moja kwa moja juu ya utando. Mwagia ukutani.

*Seli zimekufa upande mmoja tu.* Umeme wako una wastani usio sifuri. Angalia osiloskopu, rekebisha jenereta. Baadhi huwa na milivolti kadhaa za ziada hata zikisema sifuri. Kapasita kubwa isiyo na ncha chanya na hasi, ikiunganishwa mfululizo, huzuia mkondo huo.

*Seli zimekufa kote, hata zisizo na umeme.* Si umeme. Fikiria mabaki ya ethanoli, gundi ya fedha inayovuja, au silikoni ambayo haijakauka vya kutosha. Weka kisima cha silikoni juu ya kioo kitupu, panda seli, uone.

*Sioni seli kwenye hadubini.* Utando ni mweusi na hadubini ya kutazama kutoka chini inahitaji mwanga upenye. Punguza GO hadi mikrolita 100 kwa utando wa kutazamia, au tumia rangi zinazong'aa na hadubini ya kutazama kutoka juu. Kumbuka grafini huzima mng'ao ulio karibu nayo sana, basi usilinganishe ukali wa mwanga wa kioo na wa grafini kana kwamba ni kitu kimoja.

*Ukinzani unapanda kila siku.* Muungano wa gundi ya fedha unapasuka kwa unyevu wa inkubeta. Ufunike upya kwa silikoni. Kama muungano ni mzima, utando una ufa. Kisima hicho kiondoe kwenye hesabu, na uandike kuwa umekiondoa.

*Makundi yote yamekuwa mekundu sawasawa.* Dawa za mfupa zimefunika kila kitu. Rudia na deksamethasoni nanomola 10, au tazama siku ya 14 badala ya 21. Tofauti ya umeme mara nyingi ni ya kasi: seli hufika palepale, ila zenye umeme hutangulia.

*Grafini bila umeme imefanya vizuri sawa na yenye umeme.* Hilo ni jibu, na ni jibu zuri. Huenda utando unakusanya deksamethasoni kiasi kwamba umeme hauna cha kuongeza. Jaribu kundi la grafini na umeme bila deksamethasoni, ukibakiza vile viungo viwili vingine vya chakula cha mfupa, kabla ya kupandisha volti.